Makuti ya Mavyaa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haja ya kulificha hilo uzeeni. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mwezi wa saba kwa kuchoka kungoja wa tisa. Lakini kanisani kwetu Junju, miaka ya themanini ilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa akina mama, na kila Alhamisi alasiri niliwafundisha wenzangu habari za uvumilivu. Niliufundisha vizuri, walisema. Walioishi nami nyumbani walikuwa na maswali yao, ila hawakuniuliza.

Tulikuwa tukiishi ua mmoja na mavyaa, mama wa mume wangu. Alikuwa mjane, macho yameingia mtoto wa jicho, vidole vimevimba kwa baridi yabisi. Kanisani aliingia akiwa mtu mzima sana. Alibatizwa Krismasi, wiki chache tu kabla hatujaanza kujenga kanisa. Hadi wakati huo tuliabudu katika darasa la shule, tukibanana kwenye madawati ya watoto. Kuta za udongo zilipokamilika, wazee wa kanisa wakaamua paa liwe la makuti, na kila mama ashone thelathini kwa mkono wake.

Kuti la kuezekea si kazi ya mchezo. Unakunja majani ya mnazi juu ya kijiti, moja likilalia jingine, kisha unayashona kwa ukanda mwembamba wa jani la mkoma. Siri yake ni kukaza. Kuti lililolegea ni chujio.

Mavyaa alitaka kushona yake thelathini. Nikamwambia nitamshonea, mkono wangu mwepesi. Akakataa. Alisema amefika nyumba hii ya Mungu jua limekwisha kumchwea, na hana kingine cha kuleta. Akifa, anataka pawe na kazi ya mikono yake juu ya vichwa vya watu. Basi akatandika mkeka barazani, akaanza.

Loo, alinitesa. Alipapasa jani, akakikosa kijiti, akaanza tena. Kuti moja lilimchukua kutwa nzima, na likiisha unaona mwanga kupitia humo. Yangu niliyamaliza kwa siku nne. Fundi alikuwa ameshapanga siku ya kuezeka, masika yanakaribia, na kila Alhamisi wenzangu waliniuliza kama bado ni nyumba yangu tu ambayo haijamaliza. Mimi, kiongozi wao. Nilichemka.

Alasiri moja alipojinyoosha kitandani, niliyachukua makuti yake kumi na mawili, nikaenda nayo nyuma ya jiko, nikayafumua yote na kuyashona upya. Nikayarudisha palepale yalipokuwa. Niliona nimefanya jambo jema, nimemsitiri mzee wa watu.

Alipoamka alikwenda kuyahesabu kwa mkono, kama desturi yake. Akapitisha kidole kwenye mshono wa la kwanza. Akapapasa la pili, na la tatu. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga ya mchunga ya chakula cha usiku.

"Mwanangu," akaniuliza, "yangu umeyapeleka wapi?"

Nikamwambia nimeyarekebisha kidogo tu, yangevuja. Na kwa kuwa nilijua nimekosa, nikapaza sauti: kwani anataka kanisa zima linyeshewe kwa ajili yake? Nilimwambia hivyo, mama mzima wa Alhamisi. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Alinijibu kwa sauti ya chini.

"Yako ya kwanza niliyaezeka jikoni kwangu. Yalivuja miaka mitatu. Umesahau beseni?"

Beseni sikuwa nimelisahau. Nililolikosa ni maana yake. Nilikuja pwani bibi harusi kutoka bara, mikono yangu inajua jembe na mahindi, jani la mnazi sijawahi kulishika. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona makuti. Nililia, nikayatupa, nikayaokota, na yeye alikaa tu pembeni akingoja. Na kweli, jikoni kwake palikuwa na beseni jeupe la bati, lenye maua ya buluu, karibu na mafiga. Mvua ikinyesha lilikuwa likidondokewa, tap, tap, naye husogeza kigoda, anasonga sima yake, likijaa anakwenda kulimwaga. Mimi nilidhani ndivyo watu wa pwani wanavyokinga maji. Nilimwandikia hata mama yangu barua, nikiwacheka. Na siku zile mavyaa alikuwa hajaingia kanisani wala hajasikia fundisho langu hata moja.

Aliinuka, akaingia ndani, makuti akayaacha barazani. Jumapili hakutoka. Jumapili ya pili pia hakutoka. Hakununa, alinijibu kwa upole kwamba kule hana chake. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mtu niliyemwombea miaka yote aje kwa Bwana, amekuja, na mimi mwenyewe nimemtoa mlangoni.

Alhamisi ile sikuweza kufundisha. Niliwaeleza wenzangu nilichofanya. Nilipofika nyumbani nilimpigia magoti mavyaa, nikamwomba msamaha, na safari hii sikujieleza.

"Lete majani," akasema.

Tulianza upya, kuti la kwanza. Nilimloweshea majani, nikamkabidhi moja moja, na mikono yangu mwenyewe nikaikalia. Niliikalia kweli, chini ya mapaja. Kila nilipotaka kumnyang'anya, nilisali Baba Yetu moyoni, polepole, hadi amina. Kuti moja lilikula Baba Yetu nane au tisa. Siku za mwanzo niliisali nimeuma meno, na Mungu anajua alichokisikia. Sitawadanganya kwamba moyo ulilainika mara moja. Siku ya nne nilitoka nje nikaipiga ndoo teke, kisha nikarudi nikakaa.

Ila tulipofika kama kuti la ishirini, niligundua kwamba namsikiliza. Alinisimulia habari za watoto wake wawili waliokufa kabla mume wangu hajazaliwa. Miaka kumi nilikuwa nimekaa naye ua mmoja na sikuwa najua, kwa sababu sikuwahi kuketi hata akafika huko.

Kanisani fundi alikuwa amemaliza paa lote, akaacha pengo la upana wa mlango upande wa wanawake. Mvua ya kwanza ya masika iliingia humo kama iliyoalikwa. Wazee wakaniita, wakauliza kwa nini pengo lisizibwe kwa makuti ya mtu mwingine. Niliwajibu kwamba ya mama hayajawa tayari, na sikuongeza neno. Aliyenijua hangeamini.

Siku yalipopandishwa, akina mama walipanga mstari, wakapokezana. Mavyaa alisimama chini na uso wake umeelekea juu, haoni kitu, mkono wake ndani ya wangu. Fundi alipofunga kila kuti, mavyaa aliniuliza, "Limefika?" Nami nikamjibu, "Limefika, mama." Mara thelathini aliuliza, mara thelathini nilijibu, na sikuchoka.

Yakavuja, bila shaka. Nikahamisha kiti changu hadi chini yake, na beseni nikaliweka katikati ya miguu yangu. Lilikuwa lile lile lenye maua ya buluu. Mavyaa alinipa mwenyewe bila kusema kitu. Misimu yote ya mvua nilisikiliza mahubiri huku likidondokewa, na likijaa nilitoka taratibu kulimwaga.

Mwisho wa miaka hiyo ya themanini kanisa likapata mabati, makuti yote yakashushwa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mavyaa alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Jumapili ya mvua ya kwanza nilitoka nyumbani na beseni langu mkononi kwa mazoea, sikufikiri. Nikaketi mahali pangu, nikaliweka chini. Mvua ilipiga bati kwa kishindo hata mchungaji akaacha kuhubiri, tukawa tunangoja tu. Wenzangu waliniona na beseni langu, na hakuna aliyecheka. Nililitazama mpaka mvua ikakatika, na halikuingia tone. Nikalia mbele ya watu wote, mahali pangu pakavu.