Bwana Nzige ni Wetu

Itangazwe toka Masama hadi Kwa Sadala, na mwenye masikio mazito aambiwe na jirani: Mwingereza ana wataalamu wengi, lakini Bwana Nzige, mkaguzi wa nzige, ni wetu. Humshika nzige kwa vidole viwili kama mchungaji anavyoshika mkate wa Chakula cha Bwana, akampasua tumbo, akatazama mayai, kisha akalamba kidole cha mkono wa pili na kukiinua kupima upepo. Sauti yake haipandi hata sokoni. “Wametua Upareni. Upepo ukigeuka, watafika huku. Usipogeuka, watapita.” Watu huguna, maana sisi tumezoea kutishwa kwa jehanamu, siyo kwa “huenda”. Juzi sokoni Eliona, mama mkulima wa huku, alimzibia njia. Ulezi wake, wa kupikia mbege, pombe ya harusi ya bintiye, haujakomaa vizuri: akivuna sasa atapata nusu, akingoja huenda akakosa wote.

“Bwana Nzige, achana na upepo! Ungekuwa mimi, ungefanyaje?”

Soko zima likasogea karibu. Tukanyoosha shingo kwa fahari, tukingoja hotuba. Akajifuta vidole kwenye kaptula.

“Ulezi wangu nimeuvuna jana, mama.”