Viatu vya Kiprono Huko Londiani

Jumanne moja ya Machi mwaka jana nilimpoteza mwanangu Kiprono, askari, aliyeuawa vitani Somalia. Sanduku la mwili wake tulikatazwa kulifungua. Mwenzake alituletea viatu vyake, vumbi la huko likiwa juu na jasho lake ndani. Watu wa makumbusho ya vita ya Londiani walipoviomba, niliwapa, ili na wengine wamkumbuke. Baadaye nikatamani kunusa harufu yake tena. Hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Sigor, alfajiri. Nilikama ng'ombe, nikamwomba jirani amwangalie, nikapanda gari.

Kericho kulikuwa na mvua. Wachumaji walikuwa kwenye chai, wamejifunga nailoni kiunoni, wanacheka. Niliwashangaa kwa kucheka, ingawa mimi mwenyewe nimechuma chai hivyo miaka mingi.

Londiani nilifika mchana. Makumbusho ni chumba kimoja, zamani stoo ya viazi. Mwenye kuongoza wageni alikuwa akiwaambia kuhusu mwanangu, "Huyu hakujua woga." Mwanamke mmoja alilia mpaka akashikwa mkono. Mimi macho yalikuwa makavu. Kiprono alikuwa ameniambia kwa simu, "Mama, huku naogopa." Nilikuwa natazama viatu ndani ya kioo, vinang'aa kama vya duka.

Mtunzaji, mama wa rika langu, aliposikia mimi ni nani, alifungua kioo mara moja. Nikatia uso ndani ya kiatu.

Moshi. Mkaa wa mti wa senetwet, ule tunaosugulia kibuyu cha maziwa.

"Mbona kinanuka kibuyu?" nikauliza.

"Ni mimi, mama. Vilikuwa vinanuka vibaya, nikavisugua ndani kabisa kwa mkaa. Sasa hata ukimwaga maziwa ya mursik humo yatalala vizuri." Alicheka kidogo, kisha akaniangalia. "Kwani ulitaka nini?"

"Hiyo harufu uliyoiondoa."

Alikaa chini sakafuni. "Woi, mama. Nilivifanya kama vya mtoto wangu."

Niliingiza mkono kwenye kiatu cha pili, hadi kwenye vidole, nikaunusa. Ni vivyo hivyo.

Njiani kurudi, nikipita Chepseon, nilielewa jambo moja: kitu ukikitoa kitazamwe, kitaandaliwa kwa ajili ya wageni, kama nyumba. Hakuna aliyenikosea.

Sigor, jioni. Ng'ombe alikuwa analia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mweusi kwa mkaa. Nilinawa, nikamwaga maji, nikakama.