Tuliliombea Gari Kabla Halijawa Letu

Kuna yadi moja ya magari hapa Kitengela ambayo mpaka leo nikipita mbele yake nageuza uso na kujifanya nasoma mabango ya viwanja vinavyouzwa ng'ambo ya barabara, na kabla hamjaanza kunicheka, ngojeni niwaeleze vizuri, kisha tucheke pamoja, maana mimi nimeshacheka peke yangu mara nyingi na aibu bado haijaisha.

Mama yangu alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita. Ilipona kwa kiasi chake, lakini mguu ule haukukubali tena kuinuka kupita kimo cha tofali. Kliniki yake iko Kajiado, mara moja kwa mwezi, na magari ya abiria yana ngazi ndefu na makondakta wenye haraka. Mara mbili nilimwona akiuma ncha ya leso ili asilie mbele ya watu. Halafu akaanza kuruka miezi. Alisema mguu umepoa, nami nilijua haujapoa, ila amechoka kuinuliwa kama gunia la viazi na watu asiowajua. Kwa hiyo nilipounganisha akiba ya miaka minne na mkopo wa chama chetu cha akiba, sikuwa natafuta gari la kuringia. Nilikuwa natafuta kiti cha chini. (Sawa, na la kuringia kidogo.)

Gari nililolipata lilikuwa dogo, la kijivu kama wingu linalofikiria kunyesha, limetumika lakini limezeeka kwa heshima. Muuzaji, kijana aliyeitwa Sammy, mwenye viatu vya ncha kali na maneno laini, tulikubaliana naye laki saba na nusu, nikatoa arbuni ya elfu hamsini, na akaniuliza kwa adabu kabisa kama niko na swali lolote. Hapo ndipo nilipojiponza. Sikuwa nimewahi kununua hata baiskeli, lakini sikutaka ajue, basi nikalipiga gurudumu teke la kitaalamu na kumwambia, "Hapana, haya mambo nayajua." Teke lenyewe liliniumiza kidole cha mguu siku tatu.

Sasa kwetu gari haliingii barabarani kabla ya kuombewa, na kwa kawaida huombewa nyumbani, likiwa limeshafika, watu wakinywa chai. Mimi nikaona nyumbani hapatoshi. Nikaona liombewe palepale yadini, litoke likiwa na baraka tayari, na (niseme ukweli tu) watu wa barabara kuu waone. Nikawaalika akina mama wa kikundi cha kanisa cha mama. Nilitarajia sita. Walikuja ishirini na wawili, wamefunga vilemba vya rangi moja, pamoja na mchungaji na chupa yake ya mafuta. Akaja pia jirani yetu wa mtaa wa Noonkopir, Mama Hodan, ambaye watu wake walitoka Garissa na wamefanya biashara ya mbuzi na ngamia tangu babu zao, ingawa yeye siku hizi anauza mashuka na mapazia sokoni. Wakati wa maombi alisimama kando akimshikia mama mkongojo, kwa sababu sala haikuwa yake lakini jirani alikuwa wake.

Mchungaji alipaka mafuta magurudumu yote manne, kisha boneti, kisha usukani, akatangaza kwamba kuanzia saa ile gari lile halina mwenyewe mwingine. Nikamfungulia mama mlango wa mbele. Aligeuka, akajishusha taratibu kwa makalio, akaingiza mguu mzima, halafu akauvuta ule mbovu kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemshika. Akatazama mbele kupitia kioo, kama mtu aliyefika mahali.

"Wanjiru," akaniambia, "nimekaa."

Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaingia ofisini kumaliza salio, jambo nililodhani litachukua dakika mbili.

Sammy akanisukumia karatasi. Juu kulikuwa na ile laki saba na nusu yetu, na chini yake mistari mingine ambayo sikuwa nimewahi kuiona: kuhamisha umiliki, ada ya ofisi, kuandaa gari, kuosha gari, kifaa cha kulifuatilia likiibwa, na siku ambazo gari limelala yadini likinisubiri, tangu nilipotoa arbuni. Jumla ya nyongeza, elfu tisini na saba. Mimi nilikuwa na salio kamili na elfu kumi ya petroli na soda za wageni. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Hiyo ni kawaida, madam," akasema, wala hakuwa na kiburi. "Nilikuuliza kama uko na swali. Si ulisema haya mambo unayajua?"

Nje wimbo ulikuwa umefika ubeti wa tatu. Nikatoka mlangoni nikatabasamu na kusema karatasi zinachapishwa. Wakaimba tena. Nikarudi kubembeleza, nikashindwa, nikatoka tena, na kwa sababu ulimi ulikuwa umeshaonja uongo, nikasema betri ilikuwa imelala, inachajiwa. (Boneti imefungwa. Mama yuko ndani. Hakuna waya popote.) Mchungaji, mtu mwema asiye na shaka, akainua mikono akaiombea betri. Nilisimama pale nimefumba macho huku betri isiyo na kosa lolote ikikemewa kwa jina la Bwana, nikajua nikifa leo nitakuwa na mengi ya kueleza.

Nilikuwa nimerudi ofisini, nimeinamisha kichwa mezani, Mama Hodan alipoingia bila kubisha hodi. Akavuta ile karatasi, akaomba Sammy amsomee, mstari kwa mstari, na kila mstari alitikisa kichwa kama anayesikia habari za msiba wa mbali.

"Hii ya kuhamisha jina ni ya serikali, hiyo tutalipa," akasema. "Hizi zingine ni za nani? Mimi nikikuuzia mbuzi leo, nikuambie kesho ulipe kamba, ulipe majani alikula akikungojea, ulipe na maji nimemwosha?"

"Mama, gari si mbuzi."

"Ndiyo. Mbuzi ingekuwa imeshaenda nyumbani."

Sammy akacheka kidogo, lakini hakuyumba. Alielekeza kidole dirishani, pale mama alipokuwa amekaa na mkanda ameshajifunga, akasema polepole kwamba mzazi ameshakaa, gari limeshaombewa, haitapendeza kumsumbua kwa ajili ya pesa kidogo hivi. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya na sherehe yangu. Mama Hodan alikuwa ameelewa kitambo. Akanivuta kando.

"Anakuuzia kiti cha mama yako mara ya pili," akaninong'oneza. "Sokoni, mtu ameshafunga kamba ya mnyama kwa mkono wake hapunguziwi bei tena. Kama huwezi kumtoa mama kwa hiyo gari, lipa. Kama unaweza, enda umtoe."

Nilitoka. Wakati huo akina mama walikuwa wamechoka kungoja betri na kuamua kuisaidia, ishirini na wawili wakiwa wamelisukumia gari mabega kwa nyuma, wakihesabu moja mbili tatu, gari likipepesuka bila kwenda popote, mama ndani ameshikilia dashibodi, na mlinzi wa lango, mzee wa Kimaasai aliyekuwa ametusalimu asubuhi kwa upole, akikimbia kufunga lango huku shuka lake likipepea. Wanunuzi wengine wawili watatu walikuwa wameacha kukagua magari yao na kuja kutukagua sisi.

Hapo mbele ya wote nikasema. Nikasema betri ni nzima, mimi ndiye mwongo. Nikasema gari si letu, kuna ada za elfu tisini na saba ambazo sikuuliza kwa sababu nilitaka kuonekana mjuaji, na sina pesa hizo, na naomba mama ashuke. Sauti yangu ilikatika hapo kwenye kushuka.

Nilimngoja mama alie. Yeye akafungua mkanda, akanyoosha mkono kuomba mkongojo.

"Kwani hiki ndicho kiti cha mwisho duniani?" akasema. "Nishike, nitoke."

Kutoka kulimuuma kuliko kuingia, nililiona hilo usoni mwake, na sitalisahau. Akaanza kutembea kuelekea lango juu ya kokoto za yadi, hatua kwa hatua, vilemba ishirini na viwili nyuma yake bila wimbo wowote. Mchungaji alibaki. Alitoa leso mfukoni, akapiga magoti katika suti yake, akaanza kufuta mafuta yake kwenye magurudumu, moja baada ya lingine, kwa uangalifu mkubwa, na alipofika la tatu mmoja wa wale wanunuzi akamgeukia mfanyakazi wa yadi na kumwuliza kwa sauti ya kusikika, na yangu iko na ada ngapi chini ya karatasi?

Ndipo mwenye yadi mwenyewe akatokea, mtu ambaye sikujua hata yupo. Akatuita. Tulipe bei tuliyokubaliana na ile ya kuhamisha jina tu, basi, tuchukue gari. Mimi nikageuka mara moja, lakini Mama Hodan akanishika mkono, akaniambia tembea, akanitembeza hatua kumi zaidi, na yule mtu alipoongeza tanki nusu la petroli ndipo akasimama na kusema haya, turudi. Mchungaji aliliombea gari upya, kwa ufupi.

Nilimpelekea Mama Hodan mchele na sukari kumshukuru. Akapokea, na kesho yake akanirudishia chombo kikiwa kimejaa mahamri, kwa hiyo deni lile sijui nitalilipa lini. Namshukuru Mungu kwa jirani kama huyo, na kwa wale ishirini na wawili ambao hakuna hata mmoja aliyenisimanga mpaka tulipofika nyumbani (hapo walinisimanga vilivyo). Nimeapa kwamba hata nikinunua sufuria nitauliza mbele ya watu, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote: pamoja na yote, mwisho ni ngapi? Kuonekana mshamba kwa dakika moja ni bei nafuu mno.

Alhamisi iliyofuata tulienda kliniki. Tulipopita Isinya jua lilikuwa limelala juu ya nyasi mpaka upeo, na mama alikuwa amesinzia mdomo wazi, mara ya kwanza kumwona akilala katika barabara ile. Kajiado, muuguzi aliyemkosa kwa miezi mingi akamuuliza leo nani amemleta. Mama akaegemeza mkongojo ukutani, akatengeneza kilemba chake.

Akasema hajaletwa, amekuja.