Waya wa Kijani Gatini

Kwa miaka kumi na tisa ya kufunga umeme majumbani, mwanamke huyu hajaunguza nyumba ya mtu hata moja. Mumewe hutania kwamba alioa polisi wa waya. Mume mwenyewe hukwangua mwani kwenye matumbo ya mashua, katika gati moja la ziwani, maji yakimfika shingoni.

Jumatatu alirudi akisugua vidole. Chini ya mashua ya baba yake, alisema, mikono ilikufa ganzi.

"Baridi tu, mama watoto."

Mkewe aliacha chai ikapoa.

Kesho yake alifika gatini na mkoba wa vifaa. Baba mkwe, fundi redio mstaafu, anaishi ndani ya mashua ile, na umeme huuvuta kwa kebo ndefu kutoka soketi ya gati. Mkwe wake alipofungua plagi, alikuta waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa na kufungwa utepe kwa unadhifu wa fundi cherehani.

"Baba, huu nani kaukata?"

"Mimi. Kila nikiwasha hita, swichi ya gati inajizima. Nikamtoa mchawi. Sasa tunalala."

"Hita ndiyo inavujisha umeme, Baba. Swichi ilikuwa inakulinda. Sasa umeme unapitia rafadha, panga la chini ya mashua, na kuingia majini. Mtu akiogelea hapo, misuli inamganda, anazama bila hata kupiga kelele."

"Mwanangu, nimeshika waya wewe hujaota meno."

Baba mkwe habishiwi. Mkwe wake alipiga goti, akaiondoa hita, akaunga waya, akapima. Salama. Mzee alimtazama, kisha akauliza kwa upole, "Na hawa wengine utawaungia pia?"

"Wengine wepi?"

"Niliowatengenezea." Akaonyesha kwa kidevu, si bila fahari. Mashua kumi na moja.

Wenye mashua walimkataza asiguse nyaya zao. Msimamizi wa gati alimsikiliza akila karanga. "Shemeji, tangu mzee apite na koleo lake sijapigiwa simu hata moja. Usiniamshie waliolala." Ufunguo wa swichi kuu uko ofisini mjini. Aandike barua, majibu ni wiki mbili.

"Wiki mbili nikae nyumbani?" alisema mumewe. "Kazi ataichukua mwingine."

"Huyo mwingine si mtu?"

Wakakubaliana hivi: Ijumaa achomoe plagi zote, ndipo mumewe aingie majini.

Ijumaa asubuhi alianza mwisho wa gati. Alipofika ya saba, mwenye mashua ya kwanza alikuwa ameshachomeka tena.

"Friji yangu ina samaki!"

"Nusu saa tu, kaka."

"Nusu saa yako inanuka!"

Akarudi mbio, akachomoa. Nyuma yake, ya nne ikachomekwa. Akaichomoa, ya sita ikaanza kuimba redio. Watu wakacheka, naye mumewe, ameketi kwenye ngazi na miwani ya maji kichwani, akacheka nao.

"Tayari?"

"Bado!"

Jua likapanda. Mashua ya kwanza kukwanguliwa ilitakiwa iondoke saa sita. Mumewe aliacha kucheka.

"Tayari?"

"Bado, baba watoto. Nakuomba."

Alivuta miwani machoni, akashusha mguu mmoja. Mkewe alizitupa plagi alizoshika, akakimbia, akang'ang'ania mkanda wa suti yake ya mpira kwa mikono miwili. Huko nyuma wenye mashua walikuwa wanachomeka plagi, moja baada ya nyingine.