Ndevu Zangu na Misa ya Kilatini

Niliambiwa, nami nikaamini kabisa, kwamba mtu akijua maana ya maneno ya misa ya Kilatini, ndevu zake hupukutika zote zisiote tena. Aliyenieleza alikuwa dalali mwenzangu wa mbuzi pale soko la Ikutha, na ushahidi alikuwa nao: "Umewahi kuona ndevu za padre? Shavu laini kama yai!"

Miaka hiyo ya sitini ndevu zangu zilijulikana kutoka Mutomo mpaka Kambu. Mabeberu walinionea wivu. Basi mke wangu aliponivuta twende misa pale misheni, niliketi karibu na mlango, nikajikaza nisielewe kitu.

Kumbe kutoelewa ni raha! Mchana kutwa nilikuwa nikipiga kelele sokoni. Jioni nilikwenda shule ya ngumbaru, ambako kila neno lilikuwa na maana, na mwalimu aliitaka papo hapo. Kilatini hakikuniuliza swali. Padre aliimba, watu wakamjibu, sauti zikanipita kama upepo kwenye mtama. Nilitazama mwanga wa dirishani ukitambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyangu, wala sikuwaza mbuzi hata mmoja. Mimi, ninayebishana bei hata usingizini!

Halafu Jumapili moja katekista akatangaza: wiki ijayo, maneno yale yale, lakini kwa Kikamba. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanywea.

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza mke wangu hadi mlangoni, nikabaki nje na punda wa waumini. Katekista akatoka kunitafuta.

"Bwana dalali, leo unasali na punda?"

"Niache, katekista. Humo ndani ndipo mahali pekee ninapotulia. Sasa nikielewa, utulivu utaniponyoka, na ndevu pia."

"Ndevu zimefanya nini tena?"

Nikamweleza yote, pamoja na shavu la padre. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na punda mmoja akamsaidia kwa mlio uliosikika Mombasa.

"Mambo ya utulivu siyajui," akasema akipangusa machozi. "Hayo ingia ujionee mwenyewe. Lakini padre hunyoa, ndugu yangu. Kila asubuhi, kwa wembe, kama watu wengine."