Sauti ya Mzee Kipriani

Niyubahwe alikuwa fundi wa kurekodi katika studio ndogo mjini Kasulu. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi. Yeye alizaliwa hapa na ana uraia, lakini bosi wake, Nurudini, akikasirika humwita "Mrundi" mbele ya wateja.

Jumanne moja Mzee Kipriani, mwimbaji wa kwaya kutoka Heru Juu, aliletwa kwa bodaboda na binti yake Odilia. Kooni mzee alikuwa na uvimbe. Ijumaa angepasuliwa, na madaktari hawakumficha: hataimba tena, wala hataongea.

"Nirekodi wimbo mmoja tu, mwanangu," alimwambia Niyubahwe. "Wajukuu wabaki na kitu."

Niyubahwe alimjaribisha. Beti mzee aliziimba chini chini, lakini kwenye kiitikio alipanda ghafla. Basi Niyubahwe akashusha sauti inayoingia, taa za mita ya sauti zicheze katikati, juu ibaki nafasi.

Nurudini akaingia. "Mbona kadogo hivi? Hii nayo sauti?"

"Bosi, kiitikio kitapanda. Ikigonga taa nyekundu inapasuka, na ikipasukia kwenye kurekodi hairudi tena. Kuiongeza tutaiongeza baadaye."

"Unanifundisha kazi, Mrundi? Toka, kamletee mzee maji."

Aliporudi na kikombe, Nurudini alikuwa amekwisha kuipandisha sauti na kuanza kurekodi; taa nyekundu zilikuwa zinawaka, naye anachezea simu. Nyuma ya kioo cha chumba cha kuimbia mzee alikuwa anamalizia, mishipa ya shingo imemtoka. Alipokoma alishika ukuta, akakohoa damu kwenye leso. Hakuweza kurudia hata mstari mmoja.

Siku tatu Niyubahwe alihangaika na wimbo ule. Akiupunguza, unakuwa mdogo na bado unakwaruza. Vilele vya sauti vilikuwa vimekatwa bapa, na kilichokatwa hakikuwemo popote kwenye kompyuta.

Baada ya mwezi Mzee Kipriani alirudi, shingoni ana tundu lililofunikwa kwa bandeji. Akavaa hedifoni. Ubeti wa kwanza ulipoingia alitabasamu. Kisha kikaja kiitikio, kama bati linaloburutwa kwenye changarawe. Akazivua hedifoni, akampa binti yake.

Odilia alisikiliza kidogo tu. "Nani kafanya hivi?"

"Fundi ni huyo," alisema Nurudini. "Nilimwonya, hasikii."

"Dada, si mimi, niliyemwonya ni..."

"Funga mdomo!" Odilia akamtemea mate usoni.

Mzee alikuwa ameona kila kitu kupitia kile kioo. Alimnyooshea Nurudini kidole, akafungua mdomo. Kilichotoka ni upepo, tena kwenye tundu la shingo.

"Ongea, mzee," Nurudini akacheka. "Hatukusikii."

Mzee akamgeukia Niyubahwe, akamkamata mkono kwa nguvu, akitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Odilia alidhani anataka kumpiga.

"Mwache, baba. Hata ukimuua, sauti yako ndiyo imeshakwenda."

Akamvuta mlangoni huku mzee akipinga, akitupa mikono kama mtu anayezama. Bodaboda ilipoondoka, Nurudini alimwambia Niyubahwe aache funguo mezani, asirudi tena.