Chura wa Baba Mkwe

Kabla sijaolewa kijijini Lupepo nilikuwa mtoto wa Mbeya mjini, mwenye mdomo na Kinyakyusa cha kubabaisha. Nilipoambiwa kwamba huku mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani, nilicheka mpaka mama mkwe akanihurumia. Wenyewe huita ukutila. Wengi wa rika langu wameuacha siku hizi. Baba mkwe wangu hakuuacha, na kwa kuwa tulikaa kwake, nami niliushika.

Kwa hiyo mzee yule nilimjua vipande vipande: kikohozi nyuma ya migomba, harufu ya tumbaku, koti lililoanikwa. Mama mkwe alinionya kutoka jikoni, "Gwe mwana, jifunike, mkweo huyo!" nami nikavuta kanga usoni na kugeukia ukuta. Miaka ikapita. Nilifua mashati yake na kumpikia, lakini ningekutana naye stendi ya Tukuyu nisingemtambua.

Nilichokijua vizuri ni gari lake. Mzungu mmoja wa shamba la chai alimwachia alipokuwa anarudi kwao: gari dogo la kijani, la zamani sana, lenye tumbo la mtumbwi na pangaboi mbili ndogo za kusukuma maji chini ya bampa ya nyuma. Watu waliliita Chura. Lilitembea barabarani kama gari lolote, kisha likateremka kwenye ziwa dogo chini ya mashamba yetu, lililojaa ndani ya shimo la volkano, jeusi, lisiloingiwa na mto wala kutoa mto. Likaelea. Tairi zilipoacha ardhi mlio wake ulishuka, ukawa wa mtu anayenung'unika ndani ya pipa. Sikuwahi kuliona likiingia majini. Nilisikia tu, kanga ikiwa usoni, na mwili ulinisisimka kila mara.

Chini ya tumbo la Chura kulikuwa na matundu mawili yenye vizibo vya shaba. Mume wangu, fundi gari pale Kiwira, ndiye aliyenieleza: likitoka ziwani vinafunguliwa ili maji yachuruzike, na kabla halijarudi majini lazima vifungwe. Visipofungwa, linazama.

Siku moja ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ingawa ilikuwa mchana. Nilisubiri muungurumo uondoke, nikaingia bandani mwa Chura kufagia, kama kawaida yangu mzee akishatoka. Juu ya tofali nikavikuta vizibo, vyote viwili, vimefutwa vizuri.

Nilivinyakua nikakimbia. Mume wangu alikuwa kazini, mama mkwe yuko kanisani, hakuna wa kumtuma. Nilikata njia ya mkato nikiteleza kwenye tope, nikafika Chura likiwa linaingiza tairi za mbele majini, taa zimewashwa kwa sababu ya ukungu. Desturi niliitupa huko huko.

"Tata!" nilipiga kelele, nikimwita baba. "Vizibo! Simama, vizibo ninavyo mimi!"

Aliisikia sauti yangu. Nina hakika, kwa sababu alifanya kile ambacho baba mkwe yeyote mwenye adabu angefanya: alivua kofia akajikinga nayo uso upande wangu, akageuza kichwa, akakanyaga mafuta ili aniondokee upesi. Pengine maneno yenyewe aliyazuia yasimfikie.

Niliingia majini mpaka kiunoni, vizibo juu, naita kama mwendawazimu. Kila nilipoita alizidi kwenda. Nikagundua kwamba ninamfukuza, nikanyamaza, nikiomba adhani nimeondoka.

Kweli alidhani hivyo. Alishusha kofia akatazama nyuma, na maji yalikuwa yameshamfika kifuani. Ukungu ukafunguka kidogo. Alikuwa na uso wa mume wangu, ule ule, ila wenye mvi na mikunjo. Hakuonekana kuogopa. Aliona aibu, kwa sababu nilikuwa namtazama, na alikuwa bado anaitafuta kofia yake iliyomponyoka, ajikinge tena, wakati Chura linazama. Taa ziliendelea kuwaka chini ya maji, njano, zikipungua taratibu.

Mzee alipatikana tukamzika. Chura halikupatikana. Wapo wanaosema ukungu ukishuka hulisikia likinung'unika kule chini. Mimi sibishani na mtu, ila ukungu ukishuka sichoti maji upande ule.

Kinachonitisha kiko nyumbani. Mume wangu anazeeka, na kila nikimtazama naona mvi mpya na mkunjo ninaoujua. Juzi aliingia kutoka nje kwenye ukungu, akavua kofia mlangoni, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimevuta kanga usoni na kugeukia ukuta. Akaniuliza, "Mama, una nini?" Alibaki pale mlangoni, kofia mkononi, akingoja nigeuke.